Cha Asili, Lakini Mti Gani?

Binamu yangu anayeishi Ujerumani alinitumia picha akiwa ndani ya duka la vyakula vya wanyama. Kipande cha mti kimekatwa sawasawa ncha zote mbili, kimepigwa msasa, kimevishwa lebo ya karatasi ya kaki, na bei yake huku kwetu Kibosho ungepewa mkungu mzima wa ndizi na chenji ikabaki. Lebo inasema ni mti wa kahawa, wa asili kabisa, wa mbwa kutafuna. Chini ya picha akaandika: "Dada, nyie mnachomea jikoni."

Ni kweli tunachomea jikoni. Mibuni mikongwe hukatwa shina karibu na ardhi ili ichipue upya, matawi hupogolewa baada ya mavuno, na kinachobaki kinaenda jikoni. Kwa bei za duka lile, kila chungu cha kiburu kilichowahi kuiva nyumbani kwetu kimepikwa kwa fedha za kigeni.

Nilipoionyesha ile picha kwa watu, niliowaonyesha wakanigeukia wote na swali moja. Kama Wazungu wanalipa kununua, si tuwape tu na mbwa wetu? Kisha orodha ikarefuka: na gunzi je? Kifuu? Fimbo ya mwarobaini? Mua? Kipande cha kamba ya katani kilichofungwa fundo? Hoja yao inaeleweka. Midoli ya plastiki inanuka dawa, inameguka, hujui imetengenezwa na nini. Mti unaujua. Umeuona ukikua.

Mimi naona kuujua huko ndiko kunakotudanganya. Kitu kutoka shambani hakikuambii lolote kuhusu usalama wake mdomoni mwa mbwa. Ninachotaka kujua ni kigumu kiasi gani kikilinganishwa na jino, kikivunjika kinatoa vipande vya umbo gani, vipande hivyo vikimezwa vinaishia wapi, na huo mti ni mti gani hasa. Watu hurukia swali la mwisho kwa sababu wanaogopa sumu. Mengi ya maumivu niliyoona yalitoka kwenye yale matatu ya kwanza.

Nianze na mbuni wenyewe, maana una kesi nzuri kuliko miti mingi. Ni mti mzito, nyuzi zake zimeshikana, na mbwa akiutafuna hauchaniki vijiti virefu kama msonobari au mwanzi. Unalika taratibu na kuwa kama unga wa nyuzi. Kafeini, ambayo ndiyo kila mtu anaiulizia, imekaa zaidi kwenye buni na majani machanga kuliko kwenye shina. Buni zenyewe na kahawa iliyosagwa ni habari nyingine kabisa: mbwa aliyekula hizo moyo humwenda mbio, hutetemeka, na anaweza kupata degedege. Usimwachie gunia la kahawa wazi kwa sababu umesoma kwamba mti wake ni salama.

Kuna jambo ambalo mwenye duka Ulaya hahitaji kuliwaza, ila sisi wa vihambani tunapaswa. Mibuni inayokatwa leo ni ile mizee, aina za zamani ambazo chulebuni na kutu ya majani ziliishambulia mwaka hadi mwaka, na dawa yake ilikuwa shaba. Mrututu na ndugu zake wa dukani vimenyunyiziwa miti hiyo tangu babu zetu wakiwa vijana, na baada ya hapo zikaja dawa za wadudu za kila rangi ya kizibo. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kimetoa miche inayostahimili magonjwa hayo, kwa hiyo mkulima aliyepanda mipya hanyunyizi kama zamani. Lakini anayechipusha upya anakata ya zamani. Gome lake ndilo limebeba historia yote hiyo. Na ini la mbwa halipatani na shaba iliyozidi. Aina kama Bedlington terrier zina ugonjwa wa kurithi wa kuilimbikiza, na Labrador nao wamo kwenye kundi la kuangaliwa. Ukitaka kumpa mbwa kipande cha mbuni wa shambani, angalau ujue historia ya shamba lile, na gome livuliwe lote.

Kisha kuna jino. Mbwa mzima ana meno 42, na ngao ya nje ya jino lake ni nyembamba mno: haifiki milimita 1, wakati ya kwako na yangu hufika takribani milimita 2.5 sehemu za kutafunia. Gego kubwa la juu, lile la nne kuhesabu kutoka nyuma ya chonge, ndilo analolitumia kama mkasi kukatia vitu vigumu. Hilo ndilo linalopasuka. Linachanika ubavuni, kipande kinabanduka, na mara nyingi mwenye mbwa haoni kitu kwa sababu mbwa anaendelea kula. Anahamishia tu kazi upande wa pili. Baada ya miezi unakuta uvimbe chini ya jicho, unadhani kagombana na paka, kumbe ni usaha wa mzizi wa jino.

Madaktari wa meno ya wanyama wana kipimo kisichohitaji kifaa: bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Kwa kipimo hicho mti mkavu wa kahawa unafeli. Mzeituni unafeli. Kifuu cha nazi kinafeli, tena kikipasuka kinatoa kingo kama za chupa. Na mifupa ya supu iliyochemshwa, ambayo kila nyumba inatupa nje bila kufikiri, inafeli vibaya kuliko yote, ila huo si mmea na sitaki kuanza ugomvi mwingine leo.

Hapa ndipo huwa napata upinzani, na upinzani mkubwa upo ndani ya ukoo. Nilipopita kwa baba mkubwa hakuniacha hata nikae.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Nasikia siku hizi unawapangia mbwa vya kutafuna kama wagonjwa wa kisukari."

"Nauliza tu, baba. Wa kwako unawapa nini?"

"Siwapi kitu. Wanaokota. Gunzi, kokwa, fimbo, kiatu changu. Na hakuna aliyekufa kwa gunzi."

Nikamuuliza kuhusu yule mbwa wake mweusi, aliyetapika siku kadhaa, akakataa chakula, akaenda kufia mgombani. Akasema yule alilishwa sumu na wezi. Sikubisha, mzee habishiwi nyumbani kwake. Lakini nimesikia kisa cha namna hiyo katika kila kijiji nilichokaa: mbwa anatapika, anakonda, anakufa, na jibu ni wezi au jirani. Hakuna anayempasua tumbo kuangalia. Kwa hiyo gunzi halijawahi kushitakiwa.

Hata hivyo baba mkubwa ana nusu ya ukweli, na ni nusu ambayo watu wa mjini tunaikosa. Mbwa wake wanazurura. Wanatafuna hiki kidogo, wanakitema, wanakimbilia kile, wanakula majani, wanalala. Mbwa wa mjini, hasa yule wa ulinzi anayefungiwa bandani tangu asubuhi hadi saa za kufunga geti, anapewa kitu kimoja na siku nzima ya kukimaliza. Hana cha kufanya kingine. Atakitafuna mpaka kiishe, na kikiisha atakimeza kile kilichobaki. Fimbo ileile ambayo mbwa wa kijijini angeiacha njiani inageuka kuwa kazi ya mchana kutwa. Ninapopewa ushauri kwamba "wa kijijini wanatafuna na hawafi", huwa nauliza kwanza kama huyu wa kwako naye anazurura.

Wala siyo kwamba kutafuna ni utundu wa kukomeshwa. Mtoto wa mbwa huzaliwa bila meno, huota 28 ya utoto, na kuanzia karibu mwezi wa tatu au wa nne yanaanza kung'oka kupisha ya ukubwani, shughuli inayomalizika karibu mwezi wa sita au wa saba. Katika kipindi hicho fizi zinamwasha na atatafuna mguu wa kiti chako kama hukumpa mbadala. Mkubwa naye anatafuna kwa kuchoshwa, kwa wasiwasi, kwa raha tu. Usipompa kitu atachagua mwenyewe, na mara nyingi atachagua mlango wa banda, na mlango wa banda siku hizi umetengenezwa kwa mbao zilizotiwa dawa. Ile rangi ya kijani iliyofifia kwenye nguzo na mbao za msonobari kutoka Mafinga si urembo. Kwenye nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, umesukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo ili mchwa wasiguse. Mabaki ya fundi seremala yasiende kwa mbwa kabisa, hata kama ni mninga safi, maana hujui kipande kipi kilipitia gundi au vanishi.

Sasa tumbo. Mbwa si mbuzi. Hana chumba cha kuchachushia nyuzi za mmea. Kinachoingia kama mti kinatoka kama mti, ikiwa kitapata njia ya kutoka. Unga wa kutafuna utapita. Kipande kizima hakipiti.

Gunzi la mahindi ndilo mfalme wa hili. Linanukia chumvi na moto, lina ladha, ni laini kiasi cha kutoumiza jino, kwa hiyo linafaulu kipimo cha ukucha. Mbwa analikata vipande viwili vitatu na kuvimeza. Ndani ya tumbo halilainiki. Lina ukubwa unaolingana kabisa na utumbo mwembamba wa mbwa, na uso wake wenye vishimo unang'ang'ania ukuta. Linaweza kukaa tumboni kwa majuma kabla halijasogea na kuziba, ndiyo maana mwenye mbwa huapa kwamba hajala mahindi tangu mwezi uliopita. Na kwenye eksirei gunzi halionekani vizuri kama mfupa au jiwe. Daktari anaona gesi na utumbo uliovimba, anabaki kukisia. Katika msimu wa mahindi ya kuchoma, ukitembea na mbwa barabarani, macho yako yawe chini kuliko kwenye simu.

Kokwa la embe ni kesi ya karibu, ila lenyewe linateleza. Kokwa la embe kubwa lenye nyuzi litanyonywa na mbwa kwa furaha nusu saa, halafu kwa mmezo mmoja likapita kooni au likakwama hapohapo. Kokwa la parachichi halina hata hizo nyuzi za kulichelewesha. Sioni hoja yoyote ya kumpa mbwa kokwa la tunda lolote.

Kumbi la nazi nalo watu wa Pwani hulisifia sana, na kweli mbwa hulipenda: linachambuka, lina mchezo. Tatizo ni hizo nyuzi ndefu. Nyuzi zikimezwa moja moja hazina neno. Zikijisokota pamoja zinakuwa kamba, na kamba ndani ya mbwa ni jambo ambalo sijui kulieleza bila kutisha. Ncha moja inanasa, labda chini ya ulimi au kwenye mlango wa tumbo, na nyingine inaendelea na safari. Utumbo unajaribu kuisukuma mbele, hauwezi, unaanza kujikunja juu ya uzi wenyewe kama suruali kwenye mkanda wa kufungia kwa kuvuta, mpaka uzi unakata ukuta. Kamba ya katani iliyofungwa fundo inafanya hivyo hivyo ikishaanza kufumuka, na dodoki pia. Mchezo wa kuvutana kamba na mbwa ni mzuri, nauunga mkono, mradi kamba inarudi kabatini mchezo ukiisha.

Mua uko katikati. Makapi yake ni laini, mbwa wengi hutafuna na kutema kama sisi. Ganda lake ni wembe. Ukimenya na kumpa kipande kifupi mkononi huku umekishika, sioni ubaya mkubwa zaidi ya sukari. Ukimtupia bua zima na kuondoka, umemtupia ganda.

Koo na kaakaa ndipo fimbo inapoumizia. Kwenye hospitali za wanyama majeraha ya fimbo yanajulikana vizuri, na mengi yanatokea kwenye mchezo wa kurusha. Fimbo inatua imesimama, mbwa anafika kwa kasi na mdomo wazi, fimbo inamchoma nyuma ya koo. Anapiga kelele mara moja, damu kidogo, kisha anaendelea kucheza. Kinachobaki ndani ni kibanzi, na baada ya siku au majuma shingo inavimba usaha usioisha kwa dawa. Vijiti vifupi vina mtego mwingine: vinaingia mlalo kwenye kaakaa, kati ya magego ya kushoto na ya kulia, vinakaza pale. Mbwa anafuta mdomo kwa miguu ya mbele, anatoa udenda, kila mtu anadhani ni kichaa cha mbwa na kukimbilia panga. Ukiona hivyo kwa mbwa aliyechanjwa ambaye dakika chache zilizopita alikuwa mzima akitafuna kijiti, kuna uwezekano mkubwa kijiti kimekwama. Lakini usiingize mkono mdomoni mwa mbwa usiyejua historia ya chanjo yake; hapo mwache daktari.

Kwa sababu hiyo mti wa mswaki, ambao nauheshimu na ambao Shirika la Afya Duniani liliutaja kwa wema kwa ajili ya meno ya watu mwaka 1986, sioni kama ni kitu cha mbwa. Sisi tunatafuna ncha, tunaichambua iwe brashi, tunasugua, tunatema. Mbwa atakimeza chote, na urefu wa kijiti cha mswaki ni uleule unaotosha kukaza kwenye kaakaa.

Nimeahidi kwamba sumu siyo kinara, lakini haina maana haipo, na hapa bustani zetu ni hatari kuliko mashamba. Oleanda imejaa kwenye hoteli za Pwani na uzio wa Nairobi kwa sababu haifi kwa jua na mbuzi hawaigusi. Mbuzi wana akili. Tawi lake lina sumu ya moyo kuanzia jani hadi shina, kavu au bichi, na fimbo kavu ya oleanda haina alama yoyote ya kuitofautisha na fimbo ya mpera. Mtapo, na ndugu zake wa kigeni wanaopandwa kwenye vyungu vya mbele ya benki, una sumu iitwayo sikasini. Mbegu zake ndizo kali zaidi, na mbwa anaweza kuonekana amepona kutapika kumbe ini linakufa. Mnyonyo una sumu ya risini kwenye mbegu. Mnyaa, uzio wa nusu ya Tanzania, una utomvu unaochoma mdomo na kupofusha macho kwa muda. Mwarobaini wenyewe ni mchungu tu, mbwa wengi huutema, ila una ndugu anayefanana nao, Melia azedarach, anayepandwa kwa kivuli nyanda za juu, na matunda yake yamewahi kuua mbwa na nguruwe. Kwa hiyo mtu anayesema "ni kijiti cha mwarobaini" namwomba aniletee jani.

Muhogo mbichi nautaja kwa sababu mashina yake yanatupwa ovyo wakati wa kupanda na maganda yake wakati wa kumenya. Linamarini iliyomo ndani hutoa sianidi, na kwa aina chungu kiasi chake si cha mchezo. Mwaka 1985 wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa konzo baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa inavyotakiwa. Muhogo uliopikwa vizuri hauna shida kwa mbwa. Shina na ganda bichi, hapana.

Kisa cha mmea na mbwa ninachokipenda kuliko vyote kinamhusu mnyama anayetafuna, ila si mbwa. Msunguti, Acokanthera schimperi, ni kichaka cha kijani kibichi mwaka mzima, kipo Kenya, Tanzania hadi Ethiopia. Wawindaji wa Kikamba na wa Pwani walichemsha mbao na magome yake kupata sumu ya mishale iliyoangusha tembo. Sasa kuna panya mmoja mkubwa, mwenye manyoya marefu meusi na meupe na mwendo wa kujivuta, Lophiomys imhausi. Kwa miaka mingi watu walijua kwamba mbwa akimng'ata panya huyu anaanguka, anatoa povu, mara nyingi anakufa. Anayepona hamkaribii tena maishani. Ilidhaniwa panya ana sumu yake mwenyewe. Mwaka 2011 mtaalamu wa wanyama Jonathan Kingdon na wenzake walichapisha maelezo: panya huyo anatafuna magome na mizizi ya msunguti, anachanganya na mate, kisha anajipaka ubavuni kwenye nywele maalumu zilizotobokatoboka kama sifongo zinazonyonya ile sumu na kuihifadhi. Yeye hadhuriki. Anayemng'ata ndiye anayeumia.

Fikiria hilo unapookota fimbo ya kumrushia mbwa kwenye matembezi ya vichakani. Mmea uleule, panya anautafuna kila siku kama silaha, na kiasi kilichobaki kwenye manyoya yake kinatosha kumlaza mbwa mkubwa. Uabaini iliyomo ni sumu ya moyo ya jamii moja na ile ya oleanda. Kama huwezi kuutaja mti kwa jina, usimpe mbwa kijiti chake. Sheria hii ndiyo pekee ambayo sina mjadala nayo, wala na baba mkubwa.

Basi tumpe nini? Mimi nimeegemea kwenye vitu ambavyo ni chakula. Vikimezwa, vinayeyuka. Karoti nzima iliyotoka kwenye friji ni msaada mkubwa kwa mtoto wa mbwa anayeota meno: baridi inatuliza fizi, inabonyea kwa ukucha, inavunjika bila kibanzi. Mpe kubwa na nzima. Vile vipande vya duara tunavyokatia kachumbari ndivyo vinavyokaba, hasa kwa mbwa mlafi. Utaona vipande vya rangi ya chungwa kwenye kinyesi, usishtuke.

Halafu kuna matobolwa. Mtu wa Mwanza au Shinyanga atacheka kusoma hili, lakini maduka ya Marekani na Ulaya yanauza viazi vitamu vilivyokaushwa kama kitu cha kutafuna cha kifahari kwa mbwa, na Wasukuma wamekuwa wakivitengeneza kwa ajili ya watu tangu zamani: chemsha viazi, kata vipande, anika juani hadi vikauke. Matobolwa yanang'ang'ania jino kidogo, yanachukua muda kutafunwa, na yakishuka tumboni ni chakula. Michembe, ambayo hukatwa vibichi na kuanikwa, ni migumu zaidi na ina kingo. Hiyo loweka kwanza au iachie uji wako. Angalia ukungu. Kitu chochote kilichovunda, iwe kiazi, gunzi au karanga, kina hatari yake yenyewe, kwani mbwa hudhurika vibaya na sumukuvu, na usidhani kwamba kilichokataliwa na watu ndicho cha mbwa. Na kwa sababu vina wanga mwingi, vihesabu ndani ya chakula chake: vitu vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku.

Kuhusu madai kwamba mti unasafisha meno, kuna baraza la Marekani, Veterinary Oral Health Council, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo hutoa alama kwa bidhaa zilizothibitisha kwa majaribio kwamba zinapunguza utando au ukoga. Humo kuna vya kutafuna vilivyotengenezwa kwa ngano na wanga, yaani mimea, vikiwa laini vya kubonyea. Mti mtupu sijauona humo. Na hata hivyo vya wanga vina historia: watengenezaji wa Greenies, chapa ya vya kutafuna vya mbwa, walilazimika kubadilisha mchanganyiko wao mwaka 2006 baada ya taarifa za mbwa kukabwa na vipande vilivyomezwa vizima. Mswaki wa mtoto na dawa ya meno ya wanyama vinafanya kazi zaidi kuliko vyote. Dawa yetu ya meno usiitumie. Baadhi zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, na hiyo kwa mbwa ni sumu hata kidogo.

Ikitokea amekwisha kumeza, kuna mambo machache ya kufanya na machache ya kutofanya, na ya kutofanya ndiyo yanayofanywa sana. Usimnyweshe maziwa kwa nguvu. Usimpe chumvi ili atapike. Chumvi nyingi yenyewe inaua mbwa. Kama kilichoingia ni kibanzi chenye ncha au utomvu wa mnyaa, kumtapisha ni kumuumiza mara ya pili njia ileile. Ukiona uzi au nyuzi zimening'inia nyuma, usivute hata kama ni kidogo, maana hujui upande wa pili umenasa wapi. Mfunge asikimbie na umpeleke. Kutapika kunakorudia, tumbo gumu, kukataa chakula, kujaribu kujisaidia bila kutoa, fizi kupauka: yoyote kati ya haya baada ya kutafuna kitu ni safari ya leo, haisubiri Jumatatu. Na beba kilichobaki. Weka gunzi, fimbo, jani na ua kama lipo kwenye mfuko wa nailoni, andika saa uliyomwona akitafuna. Daktari wa mifugo akiambiwa "alikula majani fulani ya uani" hana pa kuanzia. Akiona tawi la oleanda mezani anajua kwamba kazi ya kwanza ni kusikiliza moyo.